KUFUNDISHA KAZI KWA SIMU: VYOMBO VIPO, LAKINI SOMO NI LA NANI?

Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli katika mkutano wa masomo wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.



Katibu aliniomba nieleze juu ya vyombo vinavyotumika siku hizi kutunga masomo ya kazi yanayosomwa kwa simu na kwa kompyuta. Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na mengine nimeyaokota kazini na kwa kuulizauliza. Lakini kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijaribu vyombo hivi usiku baada ya zamu, na nimeona mambo ambayo yatupasa kuyajua sisi wafanya kazi, maana masomo haya yamekwisha kuingia makazini, tupende tusipende.

Nianze na jambo lililonipata mwenyewe. Kabla ya kuingia reli nilifanya kazi katika ghala la kampuni moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja tuliambiwa kila mtu afungue simu yake, asome somo la usalama, na amalize kabla ya saa sita. Somo lilikuwa la Kiingereza, kurasa arobaini na kitu, na chini ya kila ukurasa kulikuwa na kitufe cha kuendelea. Mwenzangu mmoja alishika simu yake mkono huu na yangu mkono huu, akabonyeza zote mbili huku tukinywa chai. Mwisho kulikuwa na maswali kumi. Ukikosa, waulizwa yale yale tena mpaka upate. Basi tukapata wote, na simu ikatoa karatasi ya pongezi yenye jina la kila mtu.

Baada ya majuma machache kijana mmoja alibanwa mguu na foklifti iliyokuwa ikirudi nyuma. Alipokwenda afisini kuuliza habari ya fidia, alitolewa ile karatasi ya pongezi. Wewe ulifundishwa, jina lako hili hapa, na saa uliyomaliza ni hii. Kijana hakuwa na la kujibu, na sisi tuliobonyeza pamoja naye hatukuwa na la kumsaidia.

Tangu siku hiyo nimefahamu ya kuwa somo la kazini lina sura mbili. Sura moja ni maarifa, na sura ya pili ni ushahidi. Kwa hiyo nikisikia mtu anasifu programu fulani ya masomo kuwa ni nzuri na ina rangi nyingi, mimi huuliza kwanza: ni nani aliyetunga somo, na likimalizika litathibitisha nini?

Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi habari, mafundisho, mazoezi na usimamizi kadiri inavyohitajika ili awe salama. Hesabuni maneno hayo, ni manne. Kitufe cha kuendelea ni habari tu, tena ni habari ikiwa mtu amesoma. Yale matatu mengine hayamo ndani ya kitufe.

Sasa niingie katika vyombo vyenyewe. Watu wengi wakisikia chombo hudhani ni programu ya kompyuta. Chombo cha kwanza ni karatasi na kalamu. Wakati wa vita kuu ya pili viwanda vya Marekani vilijaa watu wapya wasiojua kazi, na mafundi wengi walikuwa wamekwenda vitani. Mwaka 1940 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kuwafundisha wanyapara namna ya kumfundisha mtu kazi, na hadi mwaka 1945 watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamepata vyeti vyake. Mwenye kufundisha alikuwa na kadi ndogo ya kutia mfukoni yenye hatua nne: mtayarishe mtu, mwonyeshe kazi, mwache aifanye mwenyewe mbele yako, kisha umfuate baadaye uone anaendeleaje. Na kabla hajamfundisha mtu alitakiwa kuipasua kazi yenyewe juu ya karatasi ya safu mbili. Safu ya kwanza ni hatua za kazi. Safu ya pili ni yale mambo madogo ambayo yakifuatwa kazi hufaulu, na yakisahauliwa mtu huumia.

Mimi na wenzangu wawili tuliijaribu karatasi hiyo mwezi uliopita. Tulichagua kazi ya kufunga breki za mkono pale mabehewa yanapoachwa yamesimama. Tukamwomba mzee mmoja wa kazi, ambaye yuko hapa nasi ameketi nyuma kule, atueleze anavyofanya. Mzee akasema, ni kazi rahisi, wazungusha gurudumu la breki mpaka likaze, basi. Tukaandika hatua moja! Tukamwomba aifanye mbele ya macho yetu kwa behewa lililokuwa likitengenezwa, nasi tulikuwa tumepewa ruhusa ya kusimama hapo. Ndugu zangu, yule mzee alifanya mambo saba kabla hajasema neno. Alitazama mahali pa kuweka miguu. Alijaribu kwa mkono kama ngazi ina mafuta. Alishika kabla ya kupanda. Alipokwisha kukaza alishuka akatazama mnyororo kama umenyooka au umelala. Akainama akatazama kiatu cha breki, kile chuma kinachobana gurudumu, kama kimegusa kweli. Akakipiga kidogo kwa ncha ya buti, akasikiliza. Tulipomuuliza kwa nini amepiga, alishangaa, akasema hajui kama amepiga.

Hapo ndipo nilipoona shida kubwa ya kutunga masomo. Anayejua kazi sana amekwisha kusahau anachokijua. Mikono yake yajua lakini mdomo wake hautaji. Na yule kijana wa afisi mwenye kompyuta nzuri ya kutunga masomo, asiyekuja uwanjani, ataandika hatua moja, azungushe gurudumu mpaka likaze, apambe kwa picha, na somo litapendeza sana.

Pengine mwauliza kwa nini tulichagua breki za mkono. Ni kwa sababu ya jambo lililotokea Kanada mwaka 2013, katika mji mdogo uitwao Lac-Mégantic. Jioni ya tarehe 5 Julai, gari la moshi lenye matangi 72 ya mafuta ghafi liliachwa limesimama mahali penye mteremko. Dereva alikuwa peke yake. Alifunga breki za mkono 7. Kisha akajaribu kama gari limeshika, lakini alipojaribu, breki za hewa za injini zilikuwa bado zimebana. Kwa hiyo gari lilishika, naye akaona kazi imekwisha. Usiku ule moto ulizuka katika injini ya mbele, wazima moto wakaja wakaizima injini. Injini ikizimwa pampu ya hewa husimama. Hewa ikavuja pole pole, breki za injini zikalegea, na zile 7 za mkono hazikuweza kulizuia peke yake. Gari likateremka kilomita kama 11 pasipo mtu, likaingia mjini baada ya saa saba ya usiku, matangi 63 yakaanguka, na watu 47 wakafa.

Wachunguzi wa serikali ya Kanada walipopima walisema zilihitajika breki za mkono kati ya 17 na 26, kwa kadiri zilivyokazwa. Tena walitaja upungufu katika mafunzo ya wafanya kazi wa kampuni ile na katika kuwasimamia. Watu watatu wa kazi, akiwamo dereva, walishtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo. Kesi ilikwisha mwezi wa Januari mwaka 2018, baraza la wazee wa mahakama likawaachilia wote watatu. Lakini fikirini miaka minne na nusu ya kungoja hukumu namna hiyo.

Sasa turudi kwenye somo. Kama somo lasema tu, funga breki za mkono kisha jaribu, yule dereva alikuwa amelifuata. Alifunga na alijaribu. Kilichokosekana ni kile kitu cha safu ya pili: kujaribu kuwe kwa breki za mkono peke yake, hewa isisaidie. Hilo moja ndilo somo zima.

Mwaka 1962 Mmarekani mmoja, Robert Mager, alitoa kitabu kidogo juu ya namna ya kuandika shabaha ya somo, na watunga masomo wanakitumia mpaka leo. Shauri lake ni kwamba shabaha iseme mambo matatu: mtu ataweza kufanya nini, katika hali gani, na kwa kipimo gani. Asiandike, mfanya kazi ataelewa breki. Kuelewa hakuonekani kwa macho. Sisi tuliandika hivi: Akiwa peke yake, usiku, penye mteremko, ana taa ya mkono tu, mfanya kazi ataweza kufunga breki za mkono kwa idadi inayotakiwa na kitabu cha kanuni, kisha aonyeshe ya kuwa mabehewa yamesimama kwa breki hizo pasipo msaada wa hewa. Ni sentensi ndefu, nakubali, na katibu alitaka kuikata. Nikamwambia aikate neno analodhani halimuui mtu likisahauliwa. Ikabaki ilivyo.

Mkiwa na sentensi kama hiyo, kuchagua programu huwa kazi ndogo. Mwajua simu inaweza nini na haiwezi nini. Simu yaweza kuonyesha mnyororo uliolala na mnyororo ulionyooka. Yaweza kumwuliza mtu, hapa injini bado ina hewa, je, jaribio hili lafaa? Haiwezi kujua kama mkono wako umekaza. Kwa hiyo sehemu ya pili ya somo letu si ya simu kabisa, ni ya uwanjani, mbele ya mtu anayejua kazi, na huyo ndiye atakayetia sahihi pamoja na mwanafunzi.

Vyombo nilivyovijaribu ni hivi, na vyote havinunuliwi. Kwa sauti natumia Audacity, ambayo ni programu ya kompyuta iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Yakata maneno yasiyotakiwa na kupunguza mngurumo. Lakini jueni ya kuwa hakuna programu itakayoondoa kelele ya injini ya dizeli ikiwa umekaa kando yake. Nilirekodi tena nyumbani, nimejifunika blanketi kichwani, watoto wakicheka. Sauti ilitoka safi.

Kwa maswali kuna H5P, iliyoanza Norway mwaka 2013. Hiyo yaweza kusimamisha picha za video katikati na kuuliza swali kabla ya kuendelea, au kuweka picha ya behewa na kumwambia mtu aguse mahali penye hatari. Tena yaweza kumpa mtu njia mbili, na akichagua njia mbaya aone matokeo yake. Maswali ya namna hii ni bora mara nyingi kuliko yale kumi ya ghala letu, kwa sababu hayaulizi neno lililoandikwa ukurasa wa tatu, yauliza utafanya nini.

Pa kuyaweka masomo na kuwaandikisha watu, wengi hutumia Moodle. Aliyeitengeneza ni Martin Dougiamas wa Australia, akaitoa mwaka 2002, na yeye mwenyewe alipokuwa mtoto mbali jangwani alisomeshwa kwa redio. Moodle ni ya bure, lakini mashine ya kuikalisha si ya bure, na lazima awepo mtu wa kuiangalia kila juma. Tawi letu bado halina mtu huyo, kwa hiyo mimi sishauri tuanze nayo. Kuna nyingine iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Masomo huwekwa katika kompyuta ndogo, hata ya ukubwa wa kiganja, na simu zilizo karibu huyachukua hapo bila kununua data. Kitu kama hicho kingefaa vyumba vya kupumzikia madereva na magadi kwenye stesheni za mbali, ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Kwa sasa chombo chetu ni WhatsApp, maana kila mtu anayo. Sauti ya dakika tatu hula data kidogo kuliko video ya dakika hizo hizo, na mtu aweza kuisikiliza mara mbili. Tumetengeneza sauti tatu na picha kumi na moja. Juu ya picha nina neno moja. Tulipopiga mara ya kwanza tulisimama mbele ya mzee, kama wapiga picha za arusi. Mwanafunzi mmoja akatuambia haelewi, kwani mkono wa kulia wa mzee uko kushoto kwake. Tukarudi tukapiga kutoka nyuma ya bega la mzee, jicho la simu likiona anachokiona yeye. Hapo kila mtu alielewa upesi.

Jambo jingine ni masomo ya wengine yaliyokwisha kutungwa. Yako mengi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kimekuwa kikitoa masomo ya bure tangu mwaka 2006, na Shirika la Kazi Duniani lina kituo chake mjini Turin, Italia, chenye mafunzo ya vyama vya wafanya kazi. Mkiona somo linalofaa, msilinyakue tu. Tazameni chini kama lina alama ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi iliyoanza kutolewa mwaka 2002. Herufi BY maana yake taja jina la mwenyewe. Herufi NC maana yake usiuze. Lakini zikiwapo herufi ND, huna ruhusa ya kutoa kazi iliyobadilishwa, na kutafsiri ni kubadilisha. Nilipoteza majuma mawili kutafsiri kwa Kiswahili somo moja zuri la kunyanyua mizigo, ndipo nikaziona herufi hizo mbili. Sasa limo sandukuni.

Wengine mtaniuliza juu ya hizi mashine za kompyuta zinazojiandikia maneno zenyewe. Nimezitumia kutunga maswali ya kwanza, na zaokoa muda. Lakini nilipoiuliza mashine juu ya breki za mkono iliniandikia Kiswahili laini kabisa, na humo ilisema ujaribu gari baada ya kufunga breki zote, za hewa na za mkono pamoja. Yaani kosa lile lile. Mzee alisoma akaguna tu.

Nataka nikae zaidi kidogo juu ya kumbukumbu. Masomo mengi ya makampuni hufungwa kwa utaratibu uitwao SCORM, uliotoka kwa idara ya ulinzi ya Marekani mwaka 2000. Faida yake ni kwamba somo lililofungwa hivyo laweza kuhamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Tena huandika umemaliza au hujamaliza, umepata alama ngapi, na umekaa muda gani. Utaratibu mpya zaidi wa mwaka 2013, uitwao xAPI, waweza kuandika mengi kuliko hayo. Ndiyo ile saa aliyoonyeshwa kijana wa ghala. Sasa, chombo hicho hakina upande. Yaweza kuandikwa pia ya kuwa kurasa arobaini zilipitiwa kwa dakika nne, na hilo ni ushahidi ya kuwa hakuna aliyefundishwa kitu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, na haki ya kuziona. Kijana yule angeomba aone kumbukumbu yote, siyo karatasi ya pongezi peke yake. Hatukujua. Wawakilishi wa idara, naomba mliandike hili: mwanachama akiitwa afisini juu ya somo la simu, aombe kumbukumbu yote kabla ya kujibu.

Tena tuombe, katika mazungumzo yetu na waajiri, mambo mawili tu. Kwanza, somo lo lote la usalama lipatikane kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Pili, mfanya kazi wa kazi hiyo awepo wakati somo linatungwa, na muda wa kulisoma uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Haya ya pili naona ni mawili, lakini yaende pamoja.

Juu ya kupima kama somo limefaa, nitasema kwa ufupi. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, Mmarekani, aliandika ya kuwa kuna ngazi nne za kuuliza: watu walilipenda somo? walijifunza? wanafanya hivyo kazini? na kazi yenyewe imepata faida gani? Wengi huishia ngazi ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Sisi tumewapa somo letu vijana sita. Wote walisema ni zuri. Baada ya majuma mawili mzee alikwenda kuwatazama uwanjani bila kuwaambia. Wanne walitazama mnyororo na kiatu. Wawili hawakutazama. Tuliwauliza, wakasema sauti ya pili ni ndefu, hawakuifikia mwisho, na mnyororo ulitajwa mwishoni. Kosa lilikuwa letu. Tumeuleta mnyororo mbele.

Basi maombi yangu kwa mkutano ni haya. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne ya asubuhi, twaanza somo la pili, la kuunganisha mipira ya hewa kati ya mabehewa na kuhakikisha ya kuwa hewa imefika behewa la mwisho. Nahitaji wazee wawili wanaoifanya kazi hiyo sasa, kijana mmoja ambaye hajaifanya kamwe, na mtu mmoja mwenye simu inayopiga picha nzuri penye giza. Mwenyekiti amekwisha kuandika barua ya kuomba ruhusa ya kuingia uwanjani. Karatasi za safu mbili nitakuja nazo. Aliye tayari anipe jina lake hapo mlangoni, na aseme yuko zamu gani.